Umbo la Tatu la Kitenzi cha Kiingereza: Ni Tendo au ni Hali?

Katika vitabu vya mazoezi ya Kiingereza aghalabu huwamo zoezi lenye maagizo ya namna hii: geuza sentensi zifuatazo kutoka kauli ya kutendwa ziwe katika kauli ya kutenda. Chini ya maagizo hupangwa sentensi kumi, na mwanafunzi hutazamiwa azipindue moja baada ya nyingine kama fundi cherehani apinduavyo kola ya shati. "The letter was written by Asha" hugeuka kuwa "Asha wrote the letter." "The goat was sold by the farmer" hugeuka kuwa "The farmer sold the goat." Kazi huendelea vizuri mpaka mtoto afikie, tuseme, sentensi ya saba, nayo yasema: "The old man was tired." Hapo kalamu husimama. Ni nani aliyemchosha mzee? Hakutajwa mtu, wala safari, wala jembe. Mtoto mtiifu ataandika "Somebody tired the old man," naye atapata alama ya vema. Mtoto mwenye kufikiri ataiacha nafasi tupu, naye atahesabiwa kosa. Sisi twaona kwamba huyu wa pili ndiye aliyekielewa Kiingereza zaidi, na makala haya yanakusudia kuwaeleza wanachuo sababu yake, ili watakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha wasije wakaadhibu akili iliyo timamu.

Kila mtoto aliyeanza Kiingereza amekariri kwa sauti maneno kama "break, broke, broken" na "write, wrote, written." Neno la tatu katika safu hiyo wanasarufi wa Kiingereza huliita "past participle", sisi hapa tutaliita umbo la tatu, maana ndivyo watoto wanavyolijua kutoka ubaoni. Umbo hili likiandamana na "have" halina matata mengi: "Juma has broken the cup" ni Juma amekivunja kikombe. Matata huanza linapoandamana na "be," yaani na "is," "was," "were" na ndugu zao. Hapo umbo moja hufanya kazi mbili ambazo kwa sura hazitofautiani hata kidogo.

Tuzitazame sentensi mbili. Ya kwanza: "The window was broken at midnight by a thief." Ya pili: "The window was broken, so the mosquitoes came in all night." Maneno manne ya mwanzo ni yale yale. Lakini sentensi ya kwanza yasimulia tukio: usiku wa manane mwizi alikuja, kioo kikalia, dirisha likavunjwa. Kama tungekuwa tumesimama pale tungeliona jambo lenyewe likitendeka. Sentensi ya pili haisimulii tukio lo lote juu ya dirisha. Yaeleza jinsi dirisha lilivyokuwa usiku ule. Huenda lilivunjwa mwaka uliotangulia. Huenda halikuvunjwa na mtu ye yote bali lilioza likaanguka lenyewe. Linalotuhusu ni kwamba mbu walikuta tundu. Katika sentensi ya kwanza "broken" ni sehemu ya kitenzi, na sentensi i katika kauli ya kutendwa. Katika ya pili "broken" ni sifa tu, imekaa mahali pale pale ambapo tungeweza kuweka "open" au "small" au "dirty." Hii ndiyo tofauti yote tunayoizungumzia.

Mwanachuo asidhani kwamba ni sisi tu, wageni wa lugha hii, tunaosumbuka nayo. Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark aliyeichunguza sarufi ya Kiingereza kwa miaka mingi, aliijadili tofauti hii katika kitabu chake "The Philosophy of Grammar" cha mwaka 1924. Jan Svartvik alitoa kitabu kizima juu ya kauli za kitenzi cha Kiingereza mwaka 1966, na humo hakupata mpaka mmoja ulio wazi, bali ngazi yenye vidato vingi kutoka kutendwa halisi hadi sifa halisi. Zamani Kiingereza kilikuwa na njia ya kujisaidia. Katika Kiingereza cha kale kulikuwa na kitenzi "weorðan," maana yake kuwa kwa kugeuka, ambacho kiliweza kuandamana na umbo la tatu ili kuonyesha tukio, kando ya kile cha "kuwa" cha kawaida. Hata wakati huo mpaka haukushikwa sawasawa, na baada ya karne kadhaa "weorðan" kilitoweka, kikaiachia "be" mizigo yote miwili. Wajerumani, ambao lugha yao ni jamaa ya karibu ya Kiingereza, wamebaki na vitenzi viwili hadi leo: mlango unaofungwa wana neno lake, na mlango uliokwisha kufungwa wana neno jingine.

Sasa tuje nyumbani. Mtoto wetu anayeingia darasa la Kiingereza haji mikono mitupu. Lugha yake ya Kiswahili inaitambua tofauti hii, na inaitambua kwa usafi ambao Mwingereza angeuonea wivu. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya Kiswahili iliyochapishwa London mwaka 1944, aliitenga kauli ya kutendeka mbali na kauli ya kutendwa, akaeleza kwamba ile ya kutendeka huonyesha hali pasipo kumfikiria mtendaji. Mtoto hakusoma Ashton, lakini anajua tangu akiwa na miaka mitatu kwamba kusema "kikombe kimevunjika" ni kujitetea, na kusema "kikombe kimevunjwa" ni kumtafuta mwenye hatia.

Tukichukua kitenzi hiki kimoja cha kuvunja, twaweza kuuona ulinganifu wake na Kiingereza hatua kwa hatua. "Kikombe kilivunjwa" ni "The cup was broken," tukio, na yuko aliyelitenda hata kama hakutajwa. "Kikombe kilikuwa kimevunjika" nacho ni "The cup was broken," lakini sasa ni hali. "Kikombe kimevunjika," tunapokitazama vipande vyake mezani, ni "The cup is broken," hali ya sasa. Na "kikombe kilivunjika," yaani kilianguka kikapasuka na hatumshitaki mtu, si kauli ya kutendwa ya Kiingereza hata kidogo, ni "The cup broke." Mwanachuo aishike sana sentensi hii ya mwisho, kwa maana watoto wengi, wakiisikia ile "-ka" ya mwisho, huandika "The cup was broken" mahali pa "The cup broke," na mwalimu asiyejua huona ni sawa.

Yaonekana, basi, kwamba mambo mawili yanatufaa katika Kiswahili: mwisho wa kitenzi, kama ni "-wa" au "-ka," na kiambishi cha wakati, kama ni "-li-" au "-me-." Katika mambo hayo mawili sisi tungeliweka mbele hili la wakati, na hapa tunatofautiana na wenzetu wanaofundisha kwamba "-ka" ni sifa na "-wa" ni tendo, basi. Kanuni hiyo yavutia kwa ufupi wake, lakini haifiki mbali. Vitenzi vingi havitumiki kwa "-ka" katika maana ya hali. Mlango hatusemi kwa kawaida kwamba umefungika, tukiwa na maana kwamba u katika hali ya kufungwa; twasema "umefungwa," kwa "-wa," na hata hivyo ni hali tunayoieleza. "Mlango haufungiki" twasema, lakini hapo "-ka" imegeuka kuwa ya uwezekano: hauwezi kufungwa, labda mbao zimevimba kwa mvua. Vivyo hivyo barabara inayopitika ni barabara iwezayo kupitwa. Na kuna hali nyingine ambazo Kiswahili huzieleza kwa kitenzi cha kutenda kabisa, kisicho na "-wa" wala "-ka" ya kunyambua: amechoka, amelewa, wali umeungua, kalamu imepotea. Kwa Kiingereza zote hizo ni umbo la tatu: "tired," "drunk," "burnt," "lost."

Kwa hiyo swali la kumwuliza mtoto si hili la mwisho wa kitenzi peke yake. Sentensi ya Kiingereza yenye "was" na umbo la tatu ikiwekwa mbele yake, na aitie katika Kiswahili kwa njia mbili: kwanza kwa "-li-" peke yake, kisha kwa "-likuwa -me-." Ile inayokubaliana na sentensi zilizo jirani ndiyo iliyokusudiwa. "The door was closed by the headmaster at noon": mlango ulifungwa na mwalimu mkuu saa sita mchana. Hili ni tukio. "We could not enter because the door was closed": hatukuweza kuingia kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa. Hii ni hali. Mtoto wa darasa la tano aweza kuifanya kazi hii bila kusikia jina lo lote la kisarufi. Lakini mwalimu akumbuke kwamba "ulikuwa umefungwa" laweza pia kuwa tukio lililotangulia tukio jingine, na hapo Kiingereza chake ni "had been closed." Ufunguo wetu hufungua milango mingi, si yote.

Kwa sababu hiyo yafaa mwalimu awe pia na vipimo vilivyomo ndani ya Kiingereza chenyewe. Kilicho imara kuliko vyote ni neno "being." Hilo haliingii ila penye tukio. "The window was being broken" yawezekana. Ni dirisha likiwa katika kuvunjwa. "The old man was being tired" haiwezekani, na sikio la mwenye lugha hulikataa mara moja. Kipimo cha pili ni kuondoa "was" na kutia "looked" au "seemed." "The old man looked tired" yakubalika, basi "tired" ni sifa. "The letter seemed written by Asha" yasikika vibaya, basi "was written by Asha" ni tendo.

Neno "very" hutajwa na walimu wengi kuwa kipimo cha kwanza, na ni kweli kwamba linapokubaliwa latoa ushahidi wa nguvu: "very tired," "very worried," "very surprised." Lakini likikataliwa halithibitishi kitu. Hakuna asemaye "very closed" wala "very married," na bado maneno hayo yaweza kuwa sifa. Mlango umefungwa au haukufungwa, hakuna zaidi. Hata sifa zisizotokana na kitenzi zina tabia hiyo. Mtu hasemi "very dead" ila kwa mzaha.

Kiambishi "un-" nacho chafaa kwa tahadhari. "The letter was unopened" ni hali bila shaka, kwa kuwa hakuna kitenzi "unopen" katika Kiingereza; hakuna awezaye kukitenda. Lakini "The box was unlocked" yaweza kuwa sanduku lilifunguliwa kufuli, au sanduku lilikuwa halikutiwa kufuli, maana kitenzi "unlock" kipo. Watoto wetu hawatapata taabu kulielewa hili wakionyeshwa kwamba "un-" ya "unlock" na "untie" yafanya kazi iliyo kama ya "-ua" katika funga na fungua, ziba na zibua: ni kulitangua tendo lililokwisha kutendwa. Ile ya "unopened" ni kukanusha tu.

Kipimo kinachopendwa kuliko vyote, nacho ndicho kinachopotosha kuliko vyote, ni neno "by." Wanachuo huambiwa kwamba penye "by" pana kauli ya kutendwa, nalo ni kweli mara nyingi. Kisha wao huongeza upande wa pili ambao hawakuambiwa: kwamba pasipo na "by" hapana kauli ya kutendwa. Hilo si kweli hata kidogo. Quirk, Greenbaum, Leech na Svartvik, katika sarufi yao kubwa ya mwaka 1985, waliandika kwamba takribani sentensi nne katika kila sentensi tano za kauli ya kutendwa hazimtaji mtendaji. "The Arusha Declaration was announced in 1967" haina "by," na hata hivyo ni tukio lenye mwaka wake: Azimio lilitangazwa. Mwaka ule ndio unaotuambia kwamba ni tukio.

Juu ya "by" tungependa kukaa zaidi kidogo, kwa kuwa hapa ndipo Kiswahili, ambacho kimetusaidia mpaka sasa, huanza kumvuta mtoto pembeni. Neno letu "na" latumika kwa mtendaji, kwa chombo, kwa kifuniko, kwa kisababishi na hata kwa mwandani. Kiingereza kimewagawia hao wote maneno mbalimbali, na ugawaji wenyewe umefuata ile ile tofauti ya tendo na hali. Penye tendo huja "by." Penye hali huja "with," "in," "of," "to," "at," "about," kila sifa na rafiki yake: "covered with grass," "interested in football," "tired of waiting," "known to everybody," "worried about the rain." Mtoto akiandika "The hill was covered by grass" hatutamchapa kosa kubwa, lakini "I am interested by football" inatoa harufu ya tafsiri.

Mfano mmoja ni wa kuwekwa katika daftari la kila mwanachuo. Twasema kwa Kiswahili: Asha aliolewa na Juma. Mtoto, kwa uaminifu mkubwa, huandika "Asha was married by Juma." Mwingereza akiisoma sentensi hiyo ataelewa kwamba Juma ndiye padre, au ndiye kadhi, aliyeifungisha ndoa ya Asha na mwanamume mwingine asiyetajwa. Maana "was married by" ni tendo la kufungisha. Kama twataka hali, yaani kwamba Asha alikuwa mke wa Juma, twasema "Asha was married to Juma." Kama twataka tukio, Kiingereza chapenda kutumia kitenzi cha kutenda, "Asha married Juma," nacho hakijali kama ni mume au mke anayeitenda. Na "They were married for forty years" ni hali. "They were married in church by an old priest" ni tendo. Kitenzi kimoja, na maisha ya watu wawili yamebadilika kwa neno la herufi mbili.

Lipo jambo jingine ambalo Kiswahili humtendea mtoto, safari hii kwa kiambishi "-me-." Mtoto amejifunza kwamba "nimechoka" ni "I am tired," "imevunjika" ni "It is broken," "amelewa" ni "He is drunk." Anatoa kanuni, kama akili yo yote njema itakavyotoa, kwamba "-me-" ni "am" au "is" pamoja na umbo la tatu. Kisha anaulizwa habari zake, anafikiri "nimezaliwa Tanga," na anaandika "I am born in Tanga." Kosa hili tumelikuta hata katika barua za watu wazima. Dawa yake si kumwambia akariri "I was born." Dawa ni kumwuliza: je, kuzaliwa kwako ni jinsi ulivyo sasa, au ni jambo lililotokea siku moja? Ni tukio, lina tarehe, basi lataka "was." Kuchoka kwako ni hali uliyo nayo, basi yataka "am."

Wanachuo hutuuliza kama yafaa kuwasumbua watoto kwa tofauti ambayo hata wazungumzaji wenyewe huipita bila kuiona. Tunajibu kwa mifano miwili tu. Katika masomo ya afya mtoto hukutana na agizo "Drink boiled water." Kando yake yako maneno "boiling water." Maji ya kwanza yalichemshwa, na sasa yaweza kuwa baridi kama ya mtungini, ni maji yaliyo katika hali ya kuwa yamechemshwa. Maji ya pili yanachemka sasa hivi na yataunguza ulimi. Asiyejua kwamba umbo la tatu mbele ya nomino laeleza hali iliyobaki baada ya tendo hawezi kulitii agizo hilo kwa akili. Na juu ya vifungashio vya dawa huandikwa "Do not use if seal is broken." Agizo haliulizi ni nani aliyeuvunja ule muhuri, wala lini. Lasema: ukiukuta umevunjika, usitumie. Mtoto aliyefundishwa kwamba kila "is broken" yamtaka mtendaji atamtafuta mtendaji badala ya kuiweka dawa chini.

Tufike sasa darasani. Sisi tungependekeza kipindi kimoja cha dakika 40 kabla ya zoezi lo lote la kugeuza kauli, na vifaa vyake visizidi vijiti vitano vikavu na mlango wa darasa. Mwalimu amtoe mwanafunzi mmoja nje, mlango ufungwe. Mbele ya waliobaki achukue kijiti, akipinde polepole mpaka kianze kulia, na darasa liseme pamoja naye: "The stick is being broken." Kikatike. Waseme: "The stick was broken by our teacher." Kisha vipande viwekwe mezani, mwalimu akae mbali navyo, na aliye nje aitwe. "What do you see?" "I see a stick. It is broken." "Who broke it?" "I do not know." Hapo somo limekwisha kufundishwa, na kilichobaki ni kulitambua. Waliokuwa ndani waliona tendo, aliyekuwa nje ameona hali, nao wametumia neno lile lile, "broken." Mwalimu aziandike ubaoni sentensi zao mbili, moja chini ya nyingine, na awaulize darasa ni ipi kati yake yaweza kugeuzwa ianze na "Our teacher." Wataona wenyewe kwamba ile ya mwenzao haina wa kuanza naye. Kesho yake mwalimu aweza kuongeza wakati uliopita wa hali: "Yesterday there was a stick on the table. It was broken." Atakuta wanafunzi wachache watakaotaka kutia "by our teacher," na mazungumzo yatakayofuata yana faida kuliko maelezo ya nusu saa.

Mlango watumika kwa namna hiyo hiyo. Tahadhari moja: mwalimu asichague "open," kwa sababu hilo halina sura ya umbo la tatu linapokuwa sifa. "The door is open" ni hali na "The door is opened every morning" ni tendo. Hapa Kiingereza, kwa mara moja, kimekuwa na huruma na kimetupa maneno mawili. Watoto waliozoea "closed" wataandika "The door is opened" wakiwa na maana kwamba mlango u wazi. Hiyo ifundishwe siku nyingine. Na ile habari ya "interested" na "interesting," "bored" na "boring," nayo ina kipindi chake. Hapa tuseme tu kwamba mwenye kuhisi huchukua "-ed" na kinachomfanya ahisi huchukua "-ing," na kwamba mtoto aandikaye "I am boring" anajitukana bila kujua.

Pia yako maumbo ya tatu ambayo hayakupata kuwa ya kutendwa kabisa. "A retired teacher" ni mwalimu mstaafu, na kwa kawaida amestaafu mwenyewe. "Fallen leaves" ni majani yaliyopukutika, hakuna aliyeyaangusha. "An escaped prisoner" ni mfungwa aliyetoroka, na ingekuwa ajabu kumtafuta mtu aliyemtorosha katika kila habari ya namna hiyo. Kuyatambua haya hutosha.

Kuhusu kutunga mazoezi, shauri letu ni la wazi. Mwanachuo anapoandaa sentensi za kugeuzwa, katika andalio la somo azipitie moja moja kwa kipimo cha "being," na kila isiyokipita aiondoe. Asiogope kwamba kitabu kimeiweka. Tukumbuke jinsi lilivyo jambo la aibu kumlazimisha mtoto aigeuze "The man was drunk." Chai hunywewa: "The tea was drunk by the visitors" hugeuka vizuri, "The visitors drank the tea." Lakini mtu aliyelewa hakunywewa na mtu, na mwanafunzi atakayeandika "Somebody drank the man" atakuwa ameitii sarufi ya kitabu na kuiacha ya lugha.

Katika kusahihisha, mwalimu atakutana na sentensi ambazo zina maana zote mbili sawasawa, na hakuna kipimo kitakachozitenga pasipo habari zaidi. Iliyo maarufu ni ya namna hii: "The shop was closed at six." Yaweza kuwa saa kumi na mbili ndipo mwenye duka alipofunga mlango. Yaweza pia kuwa tulifika saa kumi na mbili tukakuta kufuli. Sentensi ya namna hii isitolewe katika mtihani ili kumnasa mtoto, bali itolewe darasani bila alama, na kila mwanafunzi aambiwe achore anachokielewa. Wengine watachora mkono ukiuvuta mlango, wengine watachora kufuli na barabara isiyo na mtu. Na katika picha zote, kama wamesoma vema, mshale mfupi wa saa utakuwa umeelekea chini kwenye sita. Wachache watauelekeza juu kwenye kumi na mbili, kwa kuwa wamefikiri kwa Kiswahili mpaka mwisho, na mwalimu atakuwa amepata somo la wiki ijayo.